Land Cruiser ya zamani ya kwendea porini: kipi kitengenezwe kwanza, na kwa nini

Mtu akishapata Land Cruiser ya mnadani, fedha za mwanzo kwa kawaida huishia kwenye vitu vinavyoonekana: ngao ya mbele, taa za juu, winchi, matairi mapana. Kisha gari linaelekea Engaresero, karibu na Ziwa Natron, na linalolala njiani ni beringi ya mguu wa mbele, ambayo bei yake haifiki hata ya taa moja. Gari la umri wa miaka thelathini huangushwa na sili zilizokauka, oili isiyobadilishwa, rejeta iliyoziba na springi zilizochoka. Kwa hiyo lirudishwe kwanza katika hali ya kiwandani, ndipo liongezwe vitu. Mengi ya yafuatayo yanaeleza kwa nini mpangilio huo hauna mkato.

Tunazungumzia zaidi HZJ75, pick-up au hardtop ya miaka ya 1990 ambayo wengi wanaiita mkonga, kwa lile bomba lake la kuvutia hewa linalopanda juu. Ina injini ya 1HZ: dizeli ya silinda sita, cc 4164, haina turbo wala kompyuta. Nyingi zilitumika kwenye hifadhi, misheni, mashirika na serikalini kabla ya kuuzwa. Spea zake zinapatikana Gerezani jijini Dar es Salaam, Arusha, na Kirinyaga Road kule Nairobi. Kwa Kenya, ambako gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa, utakuwa unanunua lililokwisha kuwemo nchini, hivyo historia yake inaweza kuulizwa. Kuanzia 1999 ikaja HZJ79, yenye springi za koili mbele na rimu za nati tano badala ya sita. Usinunue rimu wala springi kwa kusikia tu “za Land Cruiser”.

Kabla ya kulipa

Anza na chesisi, kwa sababu kila kitu kingine kinafungwa juu yake. Lala chini ya gari na nyundo ndogo, ugonge kwenye mbavu zote mbili, hasa pale zinapopanda juu ya ekseli ya nyuma na kwenye mabano ya springi. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti butu na kumwaga magamba. Magari yaliyokaa Pwani, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, huoza kuanzia ndani, kwa kuwa tope lenye chumvi hujaa kwenye chesisi na kukaa humo. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari kuukuu ni sababu ya kugonga mara mbili zaidi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye ubavu wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Isafishe kwa brashi ya waya, uilinganishe na kadi ya gari tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa pamesagwa au pamechomelewa kipande, ondoka.

Injini iwe baridi unapofika. Muuzaji aliyekwisha kuliwasha “ili lipate moto” amekuficha jambo. Liwake ukiangalia moshi. Mweupe kidogo asubuhi unaokwisha baada ya muda mfupi ni plagi za moto zilizochoka, na hilo ni jambo dogo. Mweupe usiokwisha waweza kuwa noze mbovu au kompresheni iliyoshuka. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi unapokanyaga ni hewa haba au dizeli nyingi, na mara nyingi ni filta tu.

Halafu fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze juu chini ukiweke palepale juu ya tundu, injini ikisilensa (ikinguruma bila kukanyagwa mafuta). Kikitetemeka tu, ni kawaida. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa mapigo, ringi za pistoni zimekwisha. Mwisho, injini ikiwa bado baridi, fungua kifuniko cha rejeta uliwashe. Viputo visivyokoma vinaonyesha gaskiti ya silinda hedi imekwenda au hedi yenyewe ina ufa. Kwa 1HZ ufa wa hedi si habari ngeni, na tutarudi kwenye sababu yake.

Oili tano na zinachosema

Ukishalifikisha gereji, mwaga oili zote: ya injini, gia boksi, gia boksi ndogo ya H4 na L4 (inayochagua mwendo wa kasi au wa polepole wa magurudumu manne), difu ya mbele na difu ya nyuma. Kanuni ya fundi mzoefu ni kufungua nati ya kujazia kwanza, ndipo ya kumwagia. Ukimwaga kisha ukakuta nati ya kujazia imeshika kutu na haifunguki, gari limebaki tupu juu ya jeki.

Angalia kila oili kabla ya kuitupa. Yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Ute wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni jino la gia au beringi. Angalia pia kiasi. Kwenye HZJ75 kuna ugonjwa unaojulikana: sili iliyopo kati ya gia boksi kubwa na ndogo ikichoka, oili husafiri kutoka kubwa kwenda ndogo. Ukifungua nati ya kujazia ya gia boksi ndogo, oili inamwagika kama maji ya bomba, na ukifungua ya kubwa unaingiza kidole usiguse kitu. Hakuna tone chini ya gari, kwa hiyo mwenyewe hajui. Gia ya tano na beringi zake ndizo za kwanza kuumia. Ukikuta hali hiyo, kujaza tena hakutoshi. Sili ibadilishwe, na boksi ikiwa imefunguliwa zikaguliwe spilaini (meno) za shafti inayounganisha boksi hizo mbili, kwa sababu zikilika utasikia kishindo kila unapoachia na kukanyaga mafuta.

Kwa ununuzi, lita 8 za oili ya gia ya 75W-90 daraja GL-4 zinatosha gia boksi zote mbili na kubaki, na lita 8 za 85W-90 daraja GL-5 zinatosha difu zote mbili. Usichanganye madaraja haya. Baadhi ya GL-5 zina kemikali za salfa zinazokula shaba ya ringi za sinkronaiza, zile zinazolinganisha mwendo wa gia, na gia zikaanza kukwaruza. Kipimo ni oili kufika usawa wa tundu la kujazia, gari likiwa limesimama sawasawa. Injini inachukua 15W-40 ya dizeli inayokaribia lita 10. Malizia kwa kijiti.

Mkanda wa taimingi, kama hakuna karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini, badilisha leo pamoja na beringi ya kukazia. Muda wake ni kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na hapo unazungumzia injini nyingine. Wakati huohuo pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi: karibu milimita 0.20 kwa za kuingiza hewa na 0.40 kwa za kutolea moshi. Marekebisho ni ya kubadilisha visahani, kwa hiyo fundi awe na maikromita. Vipande vya bati vya kubuni havifai.

Mguu wa mbele, ambako gari hili hufia

Ekseli ya mbele ya HZJ75 ni bomba moja gumu lenye tufe la chuma kila mwisho. Ndani ya tufe mna jointi inayoruhusu gurudumu kukata kona huku likivuta. Juu na chini ya tufe kuna beringi mbili ndogo ambazo kichwa cha gurudumu huzungukia, na nyuma yake kuna sili za kufuta zinazozuia tope. Ndani kabisa, mdomoni mwa bomba, kuna sili moja ya hafu shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye gurudumu. Hiyo ndiyo kiini cha matatizo.

Sili hiyo hutenganisha oili ya difu na grisi ya jointi. Ikishindwa, oili hupenya na kuyeyusha grisi, na uji mweusi huanza kuchuruzika juu ya tufe na kuingia kwenye rimu. Wengi hudhani ni jambo la usafi, wanafuta na kuendelea. Kumbe mambo matatu yanakwenda pamoja: difu inapungukiwa oili, jointi inafanya kazi bila grisi nzito, na beringi za gurudumu zinapoteza grisi zao. Uji ukifika kwenye diski, breki zinavuta upande mmoja.

Upimaji ni rahisi. Nyanyua mguu mmoja, shika tairi juu na chini, utikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki utikise tena. Mchezo ukipotea, beringi ya gurudumu imelegea. Ukibaki, ni zile beringi za juu na chini ya tufe. Shika tena kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo ni wa tairodi endi au usukani. Jointi yenyewe inapimwa kwa kufunga habu (kuunganisha gurudumu na shafti), kuingiza H4 kwenye changarawe, kukata usukani hadi mwisho na kwenda polepole. Mlio wa “ka-ka-ka” ni wa jointi iliyolika. Gari linalotikisika usukani mzima kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa baada ya kupiga shimo mara nyingi lina beringi za tufe zilizolegea, ingawa fundi wa matairi atakuambia ni balansi.

Kazi yenyewe ya kubadilisha sili na beringi hizo ni ya siku nzima kwa miguu miwili ukiwa na vifaa. Weka stendi chini ya ekseli. Jeki peke yake haitoshi. Toa kalipa uifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake wa breki. Fungua habu ya kufunga na kuachia, toa klipu iliyo kwenye ncha ya shafti. Nati za beringi zinafunguliwa kwa soketi ya milimita 54. Gereji ambayo bado inazifungua kwa patasi na nyundo itakuharibia meno ya nati na kuacha vipande vya chuma ndani ya beringi, kwa hiyo nunua soketi hiyo mwenyewe uwe nayo garini. Habu ikitoka, fungua stabu ekseli (bomba fupi ambalo beringi za gurudumu hukaa juu yake), vuta hafu shafti pamoja na jointi, ukiigeuza mpaka upande wake bapa upite. Kisha toa mkono wa usukani juu na kifuniko cha chini. Chini ya kila kimoja kuna visahani vyembamba. Vya juu visichanganyike na vya chini, wala vya kushoto na vya kulia, kwa maana ndivyo vinavyoweka mkazo wa beringi na kuweka shafti katikati.

Osha kila kitu kwa dizeli, kausha. Kabla ya kupiga sili mpya, pitisha ukucha mahali inapokaa kwenye shafti. Ukisikia mfereji, sili mpya itavuja wiki ileile. Unaweza kuipiga ndani zaidi au nje kidogo kwa milimita mbili tatu ili mdomo wake ukae kwenye chuma kizima, au kubadilisha shafti. Beringi za tufe zibadilishwe pamoja na vikombe vyake. Mkazo wake hupimwa kwa mizani ya springi iliyoshikizwa kwenye tundu la mkono wa usukani, ukivuta kabla sili za nyuma hazijafungwa, na kiasi kinatoka kwenye kitabu cha gari. Jointi ijazwe grisi ya molibdeni kwa kuisukuma kwa kiganja hadi itokee upande wa pili, na nafasi ndani ya tufe ijazwe kama robo tatu. Ikijazwa yote, joto litaisukuma nje kupitia sili.

Beringi za gurudumu: kaza nati ya ndani kwa Nm 60 hivi huku ukizungusha habu pande zote mbili, legeza, kaza tena polepole mpaka mchezo uishe na habu bado izunguke kwa uzito kidogo. Weka kisahani kipya cha kufungia, ukunje masikio yake.

Kuna kitu kimoja kinachofanya kazi yote hiyo irudiwe. Difu ina pumulio, kitundu chenye kifuniko juu ya ekseli. Likizibwa na tope, hewa ya moto ndani ya difu haina pa kutokea isipokuwa kupitia zile sili mpya. Lisafishe, au bora zaidi uunganishe mpira mwembamba mpaka juu kwenye chumba cha injini, kwa difu zote mbili na gia boksi. Pumulio la juu linasaidia pia mtoni. Difu yenye joto ikiingia kwenye maji baridi, hewa yake husinyaa na kuvuta. Ikivuta hewa kupitia mpira, maji hayapenyi kwenye sili.

Joto

1HZ ni injini mvumilivu kuliko nyingi, ila haisamehe joto. Mwako wake huanzia kwenye vyumba vidogo vilivyo ndani ya hedi, na hedi ikizidiwa na joto hupasuka kati ya valvu au karibu na vyumba hivyo. Hiyo ndiyo sababu hatushauri turbo ya kubandika kwa gari la safari ndefu. Nguvu inaongezeka kweli, lakini joto linaongezeka mahali palepale padhaifu, na gari linaharibika mbali na gereji.

Rejeta itolewe isafishwe ndani na nje, siyo kupuliziwa maji ikiwa imefungwa. Baada ya kupita kwenye nyasi ndefu, mbegu hujaa kati ya mapezi yake na upepo haupiti. Beba brashi laini, na kipande cha chandarua cha kufunga mbele ya grili. Nyasi hizohizo zikijikusanya juu ya bomba la moshi huwaka, kwa hiyo chungulia chini kila mnaposimama.

Feni ya 1HZ inazungushwa na klachi yenye mafuta ya silikoni. Zima injini ikiwa imepata moto, sukuma feni kwa mkono: inapaswa kukataa. Ikizunguka kwa uhuru mara kadhaa, klachi imekufa, na gari litapata joto mlimani hata kama rejeta ni mpya.

Halafu kuna ile tabia ya kutoa thermostati kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Thermostati ya injini hii hufanya kazi mbili: inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini moja kwa moja. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kabisa. Gari litaonekana la baridi mjini na litachemka kwenye mlima wa Kitonga. Rudisha mpya, ujaze kuleni (maji maalumu ya rejeta) badala ya maji ya kisima, ambayo chumvi zake huganda ndani ya hedi.

Uzito, springi na kunyanyua gari

Piga hesabu kabla ya kununua springi. Maji lita 60 ni kilo 60. Madumu mawili ya dizeli ya lita 20 ni karibu kilo 40 pamoja na madumu. Tairi la akiba la pili 40, ngao ya chuma 60, winchi 40, keria ya juu 60, hema la juu 60, friji iliyojaa 40, vifaa na spea 40, watu wawili 150. Tayari umefika kilo 590, na hujapakia chakula wala nguo. Linganisha na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibao cha gari. Ngao na winchi vinaweka kilo 100 mbele kabisa ya ekseli, wakati maji na dizeli vinakaa nyuma. Kwa hiyo springi za mbele na za nyuma zichaguliwe kwa mizigo yao, kila upande kivyake. Kuongeza majani mawili ya springi ya lori nyuma ni bei rahisi, lakini gari tupu litaruka kama mbuzi, na mizigo inayorukaruka ndiyo inayopasua keria na chesisi.

Kunyanyua kwa milimita 50 kunatosha safari nyingi. Kila milimita ya juu inabadilisha kitu kingine: pembe ya kasta (mwinamo wa mguu wa mbele), hivyo gari linaweza kutangatanga barabarani, pembe ya propela, hivyo krosi (viungo vyake) zinalika, urefu wa mipira ya breki, ambayo hukatika ekseli ikining'inia. Baada ya kubadilisha springi, pima kasta na urekebishe kwa vibanzi vya chuma kati ya springi na ekseli. Yu-bolti za zamani, zinazofunga springi kwenye ekseli, zisirudishwe, kwa kuwa zimekwisha kuvutika. Mpya zikazwe kwa spana ya toki, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 500. Zikilegea, senta bolti inayopita katikati ya majani ya springi inabeba kazi isiyo yake, inakatika, na ekseli inahama upande mmoja.

Shokapu ndizo zinazoteseka kwenye barabara ya mawimbi. Oili yake hupata moto mpaka ikaacha kuzuia, na dereva anahisi gari linaelea. Kwa umbali mrefu wa barabara hiyo, simama, ziguse bila kuzikumbatia. Tatu za moto na moja ya baridi maana yake hiyo ya baridi haifanyi kazi.

Vumbi, maji na mkonga wenyewe

Mkonga huchukua hewa juu, mahali penye vumbi kidogo kuliko chini ya bodi. Faida hiyo ni ya kila siku. Ya mtoni ni ya nadra. Lakini mkonga uliofungwa vibaya ni hatari kuliko kutokuwa nao, kwa sababu vumbi linaingia kwenye kiungo kilicho baada ya filta na kusaga ringi bila kelele. Jaribu hivi: injini ikisilensa, ziba mdomo wa mkonga kwa ubao au kiganja chenye glavu. Injini inapaswa kuzimika haraka. Ikiendelea kunguruma, hewa inapita pengine. Tafuta mpira uliopasuka, klipu iliyolegea au kifuniko cha kisanduku cha filta kisichokaa sawa.

Upande wa mafuta, pampu ya 1HZ inalainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inaisaga kutoka ndani. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya tatizo hilo, lakini dumu la kando ya njia kijijini halipimwi na mtu. Chuja kwa faneli yenye chujio laini, mwaga maji yaliyo chini ya filta kila jioni ukiwa safarini, na beba filta mbili. Tangi la lita 90 litakupeleka mbali kwenye lami, ila mchangani au topeni hesabu lita 18 hadi 20 kwa kilomita 100.

Matairi na upepo

Ukubwa wa 7.50R16 unapatikana hata miji midogo, jambo lenye thamani kuliko sura ya tairi pana. Likiwa limepakia, psi 35 mbele na 45 nyuma ni mwanzo mzuri wa lami. Kwenye changarawe punguza kama robo na usizidi kilomita 80 kwa saa. Mchangani punguza zaidi, lakini tairi lenye tyubu lisishuke chini ya psi 20 au karibu na hapo. Tairi huteleza juu ya rimu na kung'oa mdomo wa tyubu. Rimu za pete zina hatari yake: toa kwanza valvu upepo uishe kabisa kabla ya kugusa pete, na wakati wa kujaza isimame kwenye kizimba au ifungwe mnyororo. Pete ikiruka inaua.

Kwa udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Katavi wakati wa masika, hakuna upepo unaosaidia. Unanata, unajaza matairi mpaka kwenye matao, na kinachofaa ni kusubiri jua.

Umeme na kuvutwa

Friji ndiyo inayosumbua wengi, na kosa liko kwenye waya. Kutoka betri hadi nyuma ni mita 5, kwenda na kurudi 10. Kwa waya wa milimita za mraba 1.5, friji ikivuta ampea 8 unapoteza karibu volti 0.9 njiani; friji inadhani betri imeisha na kujizima. Kwa waya wa milimita za mraba 6 unapoteza kama 0.2. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, isiwe upande wa friji. Betri ya pili itenganishwe kwa relei ili ya kuwashia isiishe usiku.

Kwa kuvutwa, ndoano zifungwe kwenye chesisi kwa bolti ngumu. Tufe la chuma la kukokotea trela lisitumike kamwe. Likikatika linaruka na mkanda kama risasi. Beba mkanda wa kuvuta, sheko (pingu za chuma za kuungia mkanda) mbili za tani 4.75, koleo, na ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, ambao utautumia mara nyingi kuliko winchi.

Safari ya majaribio iwe ya kilomita 200 hivi za vumbi, karibu na nyumbani, gari likiwa limepakia mzigo wote. Kila baada ya kilomita 50 gusa habu nne: vuguvugu ni sawa, isiyoshikika ina beringi iliyokazwa mno au breki inayoshika. Ukirudi kaza nati za magurudumu, yu-bolti na boliti za keria, angalia tena usawa wa oili katika gia boksi zote mbili. Katika sanduku la spea viwemo: seti moja ya beringi na sili za mguu wa mbele, soketi ya 54, grisi kopo moja, mipira ya rejeta ya juu na chini, mkanda wa feni, filta za dizeli, krosi moja, senta bolti mbili, jani kuu moja la springi kwa kila ukubwa, tyubu mbili, na lita tano za oili ya injini.